Mwanga, lenzi na mkono: jinsi skana ya kiwandani inavyosoma alama isiyo na wino

Katika karakana zinazotengeneza injini za ndege na za magari, vipande vingi vya chuma hubeba alama ndogo ya mraba, pengine isiyozidi ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Alama hiyo haikuandikwa kwa wino, wala haikubandikwa kwa karatasi. Sindano ngumu imeugonga uso wa chuma mara nyingi na kuacha vishimo vilivyopangwa kwa safu, na vishimo hivyo vina rangi ile ile ya chuma kinachovizunguka. Fundi anapotaka kujua kipande kilitengenezwa lini, kilikaguliwa na nani na kimekwisha kufungwa katika injini ipi, huielekezea alama hiyo chombo cha mkononi chenye umbo la bastola butu, hubonyeza kitufe na kusubiri mlio. Mlio usipotokea, hukigeuza kipande kidogo, husogeza chombo karibu, hukirudisha nyuma, huinamisha kiwiko. Hayo yote huyafanya bila kufundishwa na mtu, na karibu kila mara huwa anatafuta jambo moja: pembe ambayo mwanga utavifanya vishimo vitofautiane na uso.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini pembe hiyo ni ngumu kupatikana, na jinsi watengenezaji wa skana za mkononi wanavyojitahidi kumpunguzia fundi kazi ya kuitafuta. Dai lake kuu ni kwamba shida ya kusoma alama ya namna hii haimo katika uhaba wa mwanga. Imo katika mwelekeo wa mwanga, na katika jinsi mwanga huo unavyogawanywa kati ya lenzi, muda na mkono unaotikisika. Dawa inayomjia kila mtu akilini, yaani kuongeza taa, mara nyingi ndiyo inayoifuta alama.

Kabla ya kuendelea, maneno mawili yanahitaji kutengwa. Kiswahili kina mwanga na mwangaza, na wasemaji wengi huyatumia kama kwamba ni neno moja. Hapa mwanga ni kile kinachotoka kwenye taa. Mwangaza ni namna mwanga huo unavyotua juu ya kitu: kutoka upande gani, kwa pembe gani, ukiwa umetawanyika au umekusanyika. Ama fokasi, neno lililokwisha kuzoeleka katika vitabu vya fizikia vya shule, ni hali ya lenzi kuipokea miali iliyotoka katika nukta moja ya kitu na kuirudisha kuwa nukta moja ndani ya kamera. Nukta ikirudi ikiwa duara, picha imepoteza ukali.

1. Kutoka mstari hadi picha

Historia ya misimbo ya milia inajulikana kwa kiasi. Wamarekani Norman Joseph Woodland na Bernard Silver waliomba hataza yao mwaka 1949 na kuipata mwaka 1952. Katika chombo chao cha kwanza walitumia taa ya wati 500, taa yenye joto kali kiasi cha kuhatarisha karatasi iliyowekwa mbele yake. Wazo lilikuwa sahihi, lakini mwanga uliofaa haukuwa umepatikana bado. Biashara ilianza kweli tarehe 26 Juni 1974, wakati pakiti ya ubani wa kutafuna ilipopitishwa mbele ya skana ya leza katika duka moja la mji wa Troy, jimbo la Ohio.

Skana ya leza haipigi picha. Doa moja jembamba la mwanga hukimbizwa juu ya milia, na kihisi kimoja hupima kiasi cha mwanga kinachorudi: kingi juu ya weupe, kidogo juu ya weusi. Ukali wake unatokana na wembamba wa doa lenyewe, na kwa kuwa mwali wa leza hubaki mwembamba katika masafa marefu, suala la fokasi halikuwasumbua sana watumiaji wake. Isitoshe, kilichosomwa kilikuwa wino juu ya karatasi.

Hali ilibadilika ilipokuja misimbo ya pande mbili. Data Matrix ilibuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980. Msimbo wa QR ulitolewa mwaka 1994 na Masahiro Hara pamoja na wenzake wa kampuni ya Denso nchini Japani, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari. Misimbo hii hubeba habari kwa urefu na kwa upana, hivyo mstari mmoja wa leza hauwezi kuisoma. Hapana budi ipigwe picha nzima. Skana ikawa kamera, na ikarithi matatizo yote ya kamera, pamoja na mengine ambayo mpiga picha wa studio hayajui: umbali haujulikani kabla, mkono hautulii, kazi yapaswa kumalizika katika sehemu ndogo ya sekunde, na nguvu zote zinatoka katika betri iliyomo ndani ya mpini.

Kisha alama zikahama kutoka karatasini hadi chumani. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitaka, kwa mikataba iliyotangazwa tangu Januari 2004, vifaa vyake vyenye thamani vitambulishwe kwa Data Matrix. Kanuni iliyotolewa mwaka 2013 na mamlaka ya Marekani inayosimamia chakula na dawa ilitaka vifaa vya tiba vinavyotumiwa tena na tena baada ya kusafishwa viwe na utambulisho juu ya mwili wake wenyewe. Sababu ni dhahiri: karatasi haivumilii mafuta ya injini, wala mvuke wa kuua vijidudu hospitalini. Mkasi wa upasuaji usioweza kusomeka ni mkasi ambao hakuna ajuaye kwa yakini umekwisha kusafishwa mara ngapi, na ulitumika kwa nani.

2. Chuma si karatasi

Karatasi hupokea mwanga na kuutawanya pande zote. Taa iwe kushoto au kulia, juu au chini, sehemu ya mwanga itafika kwenye lenzi, na wino utaonekana mweusi kwa sababu umeumeza mwanga. Kwa karatasi, basi, mwelekeo si jambo kubwa.

Chuma kilichosuguliwa kina tabia ya kioo. Mwali ukikipiga kwa pembe fulani huondoka kwa pembe ile ile upande wa pili, na mahali pengine popote hauonekani. Chukua skana ambayo taa zake ziko karibu kabisa na lenzi, ikiutazama uso wa chuma wima. Mwanga utashuka, utagonga uso ulio bapa na kurudi moja kwa moja kwenye lenzi: uso utang'aa mweupe. Kuta za vishimo, kwa kuwa zimeinama, zitautupa mwanga pembeni, na vishimo vitaonekana vyeusi. Alama inasomeka. Lakini katikati ya picha kutakuwa pia na sura ya taa yenyewe, doa linalowaka, na popote linapoangukia hakuna kinachosomwa. Ndiyo maana wenye uzoefu huinamisha skana nyuzi 10 au 15, doa litoke nje ya alama.

Sasa taa ziondolewe karibu na lenzi na kuwekwa chini, pembeni, ziumulike uso kwa mwanga unaotambaa. Uso bapa utautupa mwanga huo upande wa pili, bila kuufikisha kwenye lenzi, na utaonekana mweusi. Kuta za vishimo zitaunasa na kuupeleka juu. Vishimo vitakuwa vyeupe. Alama ni ile ile, chuma ni kile kile, lakini nyeusi imekuwa nyeupe na nyeupe imekuwa nyeusi. Programu ya kusoma hulazimika kuwa tayari kwa hali zote mbili.

Mwanafunzi wa isimu hatashangaa. Fonimu haitambuliwi kwa ukubwa wa sauti yake bali kwa kutofautiana na jirani zake. Mtu anaweza kusema polepole au kwa nguvu. Maadamu tofauti zimehifadhiwa, neno hubaki lile lile. Kishimo nacho hakina rangi yake chenyewe. Weusi wake au weupe wake ni uhusiano kati yake na uso, na uhusiano huo huzaliwa na mwangaza.

Hapa ndipo penye kosa linalorudiwa katika karakana nyingi. Skana inaposhindwa, mtu huleta tochi, au huuliza kwa nini taa zote za chombo zisiwashwe kwa pamoja. Matokeo yake yanaweza kukisiwa bila majaribio. Taa za wima zinaufanya uso kuwa mweupe na vishimo vyeusi. Taa za pembeni zinavifanya vishimo kuwa vyeupe na uso mweusi. Zikiwaka pamoja, kila moja hujaza giza la mwenzake. Kinachobaki ni kijivu juu ya kijivu. Mwanga umeongezeka, alama imetoweka. Kupaza sauti hakumsaidii msikilizaji ikiwa sauti mbili zimekwisha kuwa moja.

Mwangaza wa tatu ni ule wa kuba. Ndani ya pua ya skana huwekwa kuba jeupe linalomulikwa kutoka ndani, ili chuma kimulikwe kutoka pande zote kwa usawa. Faida yake yaeleweka kwa urahisi na mtu yeyote aliyewahi kutazama paa la bati lenye mikunjo. Wakati wa jua kali, kila mkunjo una mstari mmoja mwembamba unaoumiza macho, na sehemu nyingine zote ni nyeusi. Siku ya mawingu mazito, paa lote huwa na weupe mmoja wa kupoa. Bati halikubadilika; mbingu ndiyo iliyogeuka kutoka taa moja ndogo na kuwa kuba. Ekseli, bomba, mpira wa beringi, chochote chenye uso wa mviringo, hufanya kama mkunjo wa bati, na kwa hiyo huhitaji kuba. Lakini kuba lina gharama zake. Kwanza, hata kuta za vishimo sasa zinaona weupe, kwa hiyo tofauti kati yake na uso hupungua. Pili, kuba hufanya kazi likiwa karibu sana na kitu. Likisogezwa mbali hugeuka kuwa taa ndogo ya kawaida. Skana ya kuba, kwa hiyo, ni chombo cha kugusisha, si cha kusomea kutoka mbali.

Hakuna mwangaza mmoja unaofaa vyuma vyote. Skana zilizoundwa mahsusi kwa alama za chumani huwa na aina kadhaa za taa katika pua moja, na fundi anapobonyeza kitufe, hupigwa picha kadhaa mfululizo, kila moja kwa taa yake: ya wima, ya pembeni, ya kuba. Picha inayosomeka kwanza hutosha. Chombo chenye akili kidogo hukumbuka ni taa ipi iliyofaulu na kuanza nayo mara ifuatayo, kwa kuwa katika zamu moja fundi husoma zaidi vipande vya aina moja. Kwa jicho la fundi, mfululizo huo ni mmweko mmoja tu.

Vichujio vinavyopitisha mwanga unaotikisika katika bapa moja tu navyo hutumika. Kimoja huwekwa mbele ya taa, kingine mbele ya lenzi, vikiwa vimepishana. Mng'ao wa kioo, ambao huhifadhi mtikisiko wa mwanga ulivyokuja, huzuiwa; mwanga uliotawanywa hupita. Kwa lebo zilizofunikwa na plastiki matokeo yake ni mazuri ajabu, ijapokuwa zaidi ya nusu ya mwanga hupotea. Kwa chuma kilichosuguliwa, hata hivyo, karibu mwanga wote ni mng'ao, hivyo ukizuiwa hakibaki cha kupigia picha.

Kuhusu rangi yatosha kusema machache. Skana nyingi zilizoea mwanga mwekundu, wenye mawimbi ya nanomita 630 hadi 660 hivi, kwa kurithi enzi ya leza. Chini ya mwanga huo milia myekundu juu ya karatasi nyeupe haionekani kabisa, nayo milia ya buluu huonekana nyeusi. Wachapaji wa vifungashio wanalijua jambo hilo. Chumani, ambako hakuna wino, rangi ina uzito mdogo kuliko pembe.

3. Bei ya fokasi

Mwangaza ukishapatikana, picha yapaswa kuwa kali. Fundi hapimi umbali kwa rula. Mkono wake unaweza kusimama sentimita 12 kutoka kwenye chuma, au 15, au 18. Masafa ambayo ndani yake picha hubaki na ukali wa kutosha yanaweza kuitwa kina cha fokasi ya skana, na kazi kubwa ya mbunifu ni kukirefusha.

Njia ya kwanza inajulikana na kila mwenye macho mabovu anayefinya kope ili aone mbali: tundu la lenzi lipunguzwe. Miali inayopita katika tundu dogo haipishani sana, na duara la ukungu huwa dogo. Hesabu ya mfano itaonyesha bei yake. Tuseme lenzi ina urefu wa fokasi wa milimita 8, chuma kiko umbali wa milimita 150, pikseli za kihisi zina upana wa milimita 0.004, na ukungu wa pikseli mbili unavumilika. Tundu likiwa na kipenyo cha milimita 2, kina cha fokasi ni kama sentimita 2. Likipunguzwa hadi milimita 1, kina huwa kama sentimita 4. Ni faida kubwa. Lakini eneo la tundu limekuwa robo ya lile la awali, na mwanga unaofika kwenye kihisi ni robo vilevile.

Upungufu huo utalipwa na nani? Ukilipwa na muda, mkono unaingia katika hesabu. Mkono unaosogea kwa mwendo wa wastani, milimita 100 kwa sekunde, husogea milimita 0.1 katika sekunde moja ya elfu. Ikiwa kila kiraba cha msimbo kina upana wa milimita 0.25, msogeo huo unavumilika. Muda ukizidishwa mara nne ili kufidia tundu dogo, msogeo huwa milimita 0.4, na kiraba kimoja kimekwisha kumwagika juu ya jirani yake. Fokasi imepatikana, na ukali umepotea kwa mlango mwingine. Ukilipwa na taa, yaani taa zitoe mwanga mara nne, betri huisha mapema, pua ya chombo hupata joto, na watu walio karibu hulalamikia mimweko. Mwanga wa taa, tena, hupungua kwa mraba wa umbali: anayetaka kusoma kutoka mbali maradufu hubakiwa na robo ya mwangaza juu ya chuma.

Wala tundu haliwezi kupunguzwa bila kikomo. Mwanga ni mawimbi, na mawimbi yanapopenyezwa katika tundu dogo mno hujitawanya. Katika mfano ule ule, tundu la milimita 1 hugeuza nukta kuwa doa lenye kipenyo cha milimita 0.012 juu ya kihisi, ilhali picha ya kiraba ina upana wa milimita 0.014. Hapo bado nafuu. Tundu la nusu milimita huleta doa la milimita 0.025, karibu viraba viwili. Kina cha fokasi kimeongezeka kwa hesabu, lakini hakuna tena picha kali mahali popote ndani yake. Mbunifu wa lenzi hutembea katika njia nyembamba baina ya maporomoko mawili, na yaonekana ajabu kwamba mtumiaji anapoukuta mpaka huo hudhani chombo kimeharibika.

Msimbo wenyewe nao una sauti katika suala hili. Ukungu wa pikseli mbili huufuta msimbo ambao viraba vyake vina pikseli mbili kila kimoja. Msimbo wenye viraba vya pikseli sita hautikiswi nao. Ndiyo sababu majedwali ya watengenezaji hayatoi umbali mmoja wa kusomea, bali hutoa umbali kwa kila ukubwa wa kiraba. Anayenunua skana kwa kutazama namba kubwa kuliko zote katika jedwali hununua namba iliyopimwa kwa msimbo mkubwa kuliko wake.

Njia ya pili ni kuiacha fokasi isogee. Baadhi ya skana huwa na kamera mbili, moja ya karibu na moja ya mbali. Nyingine husogeza lenzi kwa mota ndogo sana. Iliyo ya kupendeza zaidi ni lenzi ya kimiminika. Asili yake ni mbali: mwaka 1875 Gabriel Lippmann, huko Ufaransa, alieleza jinsi umeme unavyobadili umbo la uso wa zebaki inapogusana na kimiminika kingine. Zaidi ya karne moja baadaye, Mfaransa mwingine, Bruno Berge, aliligeuza wazo la jamii hiyo kuwa lenzi, na kampuni ya Varioptic ikaanzishwa mjini Lyon mwaka 2002 kuitengeneza. Ndani ya kichumba kidogo huwekwa maji na mafuta yenye densiti sawa, ili mvuto wa dunia usiyapotoshe chombo kikigeuzwa. Mpaka baina ya vimiminika hivyo viwili ndio lenzi. Voltiji ikibadilika, maji huushika ukuta kwa namna nyingine, mpaka hujikunja zaidi au kidogo, na fokasi husogea katika sehemu ndogo ya sekunde. Hakuna gurudumu wala skrubu inayotembea, na kwa chombo ambacho huangushwa juu ya saruji mara kwa mara hilo si jambo dogo.

Lakini lenzi inayoweza kulenga popote yapaswa kuambiwa ilenge wapi. Hapo mwanga mwingine, ule mdogo wa kuelekezea, hupata kazi ya pili. Kila skana hutupa doa au msalaba wa mwanga ili fundi aone anaelekeza wapi. Chanzo cha doa hilo kiko kando ya lenzi, si ndani yake. Kwa hiyo chuma kikiwa karibu doa huonekana upande mmoja wa picha, na kikiwa mbali huhamia upande mwingine. Kwa kupima mahali lilipo, chombo hujua umbali, kama vile macho mawili yanavyojua umbali kwa kulinganisha picha zao. Kisha doa hilo huzimwa wakati picha yenyewe inapopigwa, lisije likasomwa kama sehemu ya msimbo. Fundi haoni kuzimika huko. Yeye hudhani linawaka daima. Linapotoka kwenye leza ya daraja la 2, nguvu yake haizidi miliwati 1, kipimo kilichowekwa kwa kutegemea kwamba mtu hupepesa jicho katika robo ya sekunde.

Mwanga wa karakana yenyewe si wa kutegemewa. Palipo na umeme wa Hezi 50, taa nyingi za zamani za mirija hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde, na picha ya sekunde moja ya elfu yaweza kuangukia kilele au bonde. Nje, jua la mchana lenye luksi zipatazo 100,000 huzishinda taa za skana kabisa, na fundi hulazimika kukitia kipande kivuli kwa mwili wake.

4. Pale picha isipotimia

Hata kwa juhudi zote hizo, picha nyingi hufika zikiwa na kasoro: mkwaruzo hapa, mng'ao pale, kona yenye ukungu. Misimbo ya pande mbili ilibuniwa kwa kulitambua hilo. Hutumia hesabu iliyochapishwa mwaka 1960 na Irving Reed na Gustave Solomon, ambayo huongeza habari za ziada ili zilizopotea zijengwe upya. Msimbo wa QR una viwango vinne vya kinga, kutoka takriban asilimia 7 hadi asilimia 30.

Msemaji wa lugha ya Kibantu anaifahamu mbinu hiyo tangu utotoni. Katika sentensi "vitabu vyangu vile viwili vimepotea", alama ya ngeli imetajwa mara tano. Kelele za mashine zikimeza silabi ya kwanza, na hata ya pili, msikilizaji bado anajua kwamba kinachosemwa ni vitu vya ngeli hiyo, tena kwa wingi. Upatanisho ambao mgeni huuona kuwa mzigo ni kinga dhidi ya kelele.

Kinga hiyo ina mpaka, na mpaka huo unarudi kwenye mwangaza. Data Matrix ina kingo mbili zisizokatika, zilizokutana kama herufi L, ambazo ndizo zinazoiambia programu kwamba hapa pana msimbo na umelala upande gani. Kingo hizo hazimo katika hesabu ya Reed na Solomon. Mng'ao ukifuta sehemu ya ndani, hesabu hurekebisha. Ukifuta ile L, programu nyingi hazianzi hata kusoma, kama mtu anayesikia sauti bila kutambua ni lugha gani. Kwa hiyo doa la mwanga lenye ukubwa ule ule huwa dogo au huwa la kuua, kulingana na mahali lilipoangukia. Fundi anayeinamisha mkono kwa nyuzi chache mara nyingi analihamisha doa hilo kutoka ukingoni kwenda ndani, bila kujua.

Suala hili liliwafikia hata wanaotunga viwango. Kiwango cha ISO/IEC 15415, kinachopima ubora wa misimbo ya pande mbili iliyochapwa, huweka taa kwa nyuzi 45 kutoka pande nne. Kwa karatasi kilifaa. Kwa chuma kilitoa madaraja mabaya kwa alama zilizosomeka vizuri kiwandani, kwa kuwa kilizitazama kwa mwangaza usio wake. Mwaka 2006 shirika la AIM lilitoa mwongozo wa kupima alama za chumani, na mwaka 2011 ukafuatwa na waraka wa ISO/IEC TR 29158, uliogeuzwa baadaye kuwa kiwango kamili. Humo mpimaji anaruhusiwa kutumia nyuzi 30, 45 au 90, kutoka upande mmoja, miwili au minne, au mwanga uliotawanywa, na kurekebisha muda wa kupokea mwanga hadi picha ifae. Sharti ni kwamba katika hati ya ukaguzi, kando ya daraja, aandike urefu wa wimbi na pembe ya mwanga aliotumia. Daraja lililoandikwa bila pembe halihesabiwi kuwa limetimia.